Jiwe Lililokuja na Nyumba

Kila mgeni anayetutembelea Bwiru, hapa Mwanza, huuliza swali lilelile kabla soda haijaisha kwenye chupa: "Sasa hilo jiwe mtalipasua lini?"

Analoliulizia liko nyuma ya nyumba, upande wa mlimani. Ni kubwa kuliko chumba chetu cha kulala, la kijivu, lina michirizi myeusi ya maji ya mvua za miaka yote, na limeegemea mengine mawili yaliyozama nusu ardhini. Tunaishi katika Jiji la Miamba. Bismarck Rock, ule mwamba wa ziwani, tunaipiga picha, tunaiweka kwenye kalenda na fulana. Ila jiwe likiwa uani kwako, watu wanaliona kama nafasi iliyopotea. Mmoja anaona hapo pangekaa vyumba viwili vya kupangisha, mwingine anaona banda la kuku. Shemeji yangu aliona maegesho, akaanza na kupima kwa hatua.

Hatulipasui. Bustani yote tunayoipanga mimi na mume wangu tangu tuhamie imeanzia kwenye jiwe hilo. Na kadiri ninavyotembea mitaa ya vilimani ya Mwanza, iwe Bwiru, Isamilo au Nyasaka, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunaviharibu viwanja vyetu kwa kutanguliza nyundo kabla hatujaangalia maji yanapita wapi.

Habari ya ununuzi niimalize haraka, maana ndugu zangu wawili wako mbioni kununua na wanasubiri niwaandikie. Nyumba tuliinunua mwezi wa sita, kiangazi kikiwa kimekolea. Kabla ya kulipa tulifanya upekuzi kwa msajili wa hati, tukajiridhisha kwamba hati ni ya muuzaji kweli na nyumba haiko rehani benki. Mke wa muuzaji tulimwomba awepo mezani asaini ridhaa yake, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mwenza mmoja kuuza nyumba ya familia bila mwenzake kukubali. Mwanasheria aliandaa mkataba, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akashuhudia. Mpima alitutafutia bikoni zote nne, zile alama za mipaka ya kiwanja. Ya mwisho ilikuwa imemezwa na ua wa manyara, ikabidi avae miwani ndipo aifikie. Sababu ya miwani nitaieleza huko mbele.

Ulizeni pia miaka iliyobaki kwenye hati. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, nasi tunapewa haki ya kuitumia kwa muda: 33, 66 au 99. Hilo lina maana hata bustanini. Mwembe ukitunzwa unavuka miaka 100, kwa hiyo anayeupanda yafaa ajue hati yake inaisha lini na nani katika watoto wake atakwenda kuihuisha.

Kabla ya Bwiru tulioneshwa nyumba nzuri sana ufukweni, mawimbi yakigonga karibu kabisa na ukuta. Bei tuliiweza. Tuliiacha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hata sheria isingekuwepo, ziwa lenyewe lilishasema. Mei 2020 maji yalipanda yakapita kiwango cha juu cha mwaka 1964, yakaingia majumbani, mialoni na mashambani pande zote, kwetu, Uganda na Kenya. Tangu hapo nikitazama nyumba iliyokaa majini huwa natazama kwanza alama ya maji ukutani. Sisi ziwa tunaliona kutoka barazani, tukiwa juu, na latutosha.

Miezi ya kwanza ndani ya nyumba ilikuwa ya kuusoma upepo. Asubuhi jua likishapanda na nchi kavu ikapata moto, upepo unaanza kuja kutoka ziwani: unaingia sebuleni, unapita korido, unatokea jikoni. Usiku unageuka na kushuka kutoka mlimani kwenda majini. Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa ameziba dirisha la jikoni kwa kabati la vyombo. Tulilihamisha kabati, na feni ikabaki kwenye boksi lake mpaka leo. Sijasoma mahali popote kwamba kazi ya kwanza katika nyumba mpya ni kujua hewa inaingilia wapi na kutokea wapi, lakini ndivyo ninavyoamini sasa, hata kabla ya rangi na mapazia.

Kuna siku wingu jeusi linasimama juu ya maji, refu, linapepesuka. Ni wadudu wadogo wa ziwani, mamilioni, hawaumi, ila upepo ukiwaleta huku wanafuata taa. Tumezoea kuzima taa ya barazani na kufunga madirisha ya magharibi mapema. Asubuhi jirani anawafagia na kuwamwagia kuku wake. Na kuna usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, ambapo wavuvi wa dagaa wanawasha taa zao na ziwa linaonekana kama mtaa uliojengwa majini. Watoto wanakataa kulala siku hizo. Siwalazimishi.

Bustani yenyewe hatukuigusa kiangazi chote. Ushauri huo si wetu. Alituletea jirani wa juu yetu, mama mtu mzima aliyeishi mlima huu tangu aolewe, aliyekuja kutukaribisha na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, halafu naye akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akinisikiliza kama nitajibu. Nilijibu, akafurahi, akaomba azunguke kiwanja. Alizunguka kimya, mikono nyuma, akasimama muda mrefu karibu na jiwe. Kisha akasema: "Mwanangu, msipande kitu sasa. Ngojeni vuli muone maji yanapita wapi, ndipo mshike jembe."

Mvua kubwa ya kwanza ya vuli ilitukuta alfajiri, radi zikiwa zimeanzia ziwani tangu usiku. Nilivaa koti la mvua na mabuti nikatoka na tochi. Maji yalikuwa yanashuka mlimani kwa njia tatu. Ya kwanza ilipita kando, ikashuka ukutani kwa jirani wa kusini. Ya pili ilikuja moja kwa moja kwenye jiwe, ikagonga, ikapoteza nguvu, ikatulia nyuma yake na kusambaa taratibu pande zote mbili. Ya tatu haikutoka mlimani: ilikuwa maji ya bati letu wenyewe, bati lisilo na mfereji, yanaanguka mbele ya baraza, yanachimba, yanaondoka na udongo kwenda barabarani yakiwa rangi ya kahawa.

Kulipokauka kidogo nilichukua jembe nikachimba sehemu tatu. Mbele ya nyumba, chini ya udongo wa vidole viwili tu, jembe lililia kwenye changarawe. Ubavuni ilikuwa mchanga mweupe wenye chembe kubwa, ukiushika unachuruzika wote na mkononi hakibaki kitu. Nyuma ya jiwe niliacha jembe nikaingiza mkono. Uliingia mpaka kiwikoni. Udongo mweusi, wa baridi, wenye harufu ya majani yaliyooza, na minyoo ikikimbia mwanga.

Nilikaa pale chini nikaelewa kwa nini mama jirani alisimama muda ule. Mawe yetu haya ni ya itale, na itale ikichakaa inatoa mchanga wa chembe kubwa, usioshika maji wala mbolea. Wakulima wa Kisukuma wanauita luseni, na wanajua tangu zamani kwamba ukishuka bondeni unakutana na itogolo, ule mgumu unaokataa jembe, mpaka kufikia mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi. Mlimani riziki ya udongo huosheka kila masika na kwenda kwa wa chini. Lakini jiwe linasimamisha maji. Maji yakisimama, tope na majani yanatua. Miaka nenda miaka rudi, jiwe letu limekuwa likitega udongo wa mlima mzima na kuuweka nyuma yake. Udongo pekee wa maana katika kiwanja chetu umewekwa pale na jiwe ambalo kila mtu anatushauri tulipasue.

Niseme wazi kwamba nawaheshimu wanaopasua mawe. Nimewatazama wakifanya: wanawasha moto juu ya jiwe, wanauchochea, ganda la nje linatanuka kuliko ndani mpaka jiwe linatoa ufa, ndipo wanaingia na tindo na nyundo. Kina mama wanakaa juani kutwa wakiponda kokoto kwa nyundo ya mkono, na nyumba nyingi za jiji hili, pengine na hii yangu, zimesimama juu ya jasho lao. Mawe ya kupasua yapo, machimbo yapo. Ninachokipinga ni kupasua jiwe lililo katikati ya mteremko, juu yake pana watu na chini yake pana watu, kwa sababu tu tunataka pawe tambarare. Ukiliondoa, udongo lililoushika unaondoka masika ya kwanza, na maji lililoyapunguza kasi yanafika kwa jirani wa chini yakiwa na nguvu zake zote. Bonde la Mto Mirongo linapofurika, sehemu ya maji hayo yameshuka kwenye vilima vya namna hii, yakipita nyua zilizosakafiwa kutoka ukuta hadi ukuta.

Jiwe kubwa juu ya nyumba lina hatari zake pia, na hilo hatukulichukulia kwa imani. Tulimwita mhandisi alikague. Alizunguka na nondo akichokonoa miguuni mwake, akatuambia limekaa juu ya mwamba wenyewe, si juu ya udongo, ila akatupa masharti: tusichimbe kabisa chini yake upande wa nyumba, tusiache maji yakachimba pale, na ule mkuyu mchanga uliokuwa umeota kwenye ufa kati ya mawe mawili tuutoe ukiwa bado mdogo. Mizizi ya mkuyu ikinenepa inapanua ufa. Nilisikitika kuutoa, maana ulikuwa na majani mazuri, lakini tuliutoa wote na mizizi yake. Yeyote mwenye jiwe la namna hii juu ya paa lake na alipie ukaguzi kabla ya kulipia mche wowote.

Baada ya hapo ndipo tulipotoa karatasi na penseli.

Tulianza na maji. Mwanza tunapata mvua ya kama milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi ikinyesha vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Bati letu lina mita za mraba 120, kwa hiyo hata ukitoa ile inayorukia pembeni na kukauka, zinabaki lita zaidi ya 90,000 kwa mwaka, ambazo mpaka vuli iliyopita zilikuwa zinatumika kubomoa uwanja wetu. Fundi ameshafunga mifereji na tanki la lita 5,000. Tanki moja halimalizi maji hayo, na ziada tumeielekeza kwenye mtaro mpana wa kina kifupi unaokatiza mteremko, uliojazwa changarawe, ili maji yazame badala ya kukimbia.

Jiwe nalo ni paa. Uso wake wa juu tuliupima kwa futi kamba tukapata kama mita za mraba 35. Mvua moja nzuri ya milimita 30 inamwaga hapo lita elfu moja na ushei, na zote zinaangukia sehemu mbili, kwenye pua mbili za jiwe upande wa kaskazini. Ukipita siku ya jua huoni kitu. Siku ya mvua pua zile zinatiririka kama bomba. Hapo, mbali na mguu wa jiwe kama mhandisi alivyosema, ndipo pa migomba. Mgomba ni mti wa kunywa, na wa tatu utakaa kwenye maji ya kuogea yanayotoka bafuni, jinsi watu wa Kagera wanavyojua kuuweka mgomba pale penye unyevu na takataka za jikoni.

Juu ya jiwe kuna mashimo madogo yanayobaki na maji baada ya mvua. Yanapendeza, ndege wanaoga humo, lakini ni kitalu cha mbu. Yai la mbu linahitaji kama wiki moja hadi mbili kuwa mbu anayeruka, inategemea joto, kwa hiyo msimu wa mvua mtoto wetu mkubwa anapanda na fagio na kuyafagia maji yote chini, angalau mara moja kwa wiki. Kwa uzuri wake wote, Mwanza bado ni nchi ya malaria, na bustani isiyofikiria mbu haijapangwa.

Halafu kuna wenyeji wa jiwe. Asubuhi kukiwa na baridi kidogo pimbi wanatoka nyufani na kujianika jua, familia nzima, wakubwa wakitazama huku na wadogo wakiparamiana. Tunajua makazi yao kwa michirizi myeupe kwenye ubavu mmoja wa jiwe: pimbi hukojoa mahali pamoja vizazi na vizazi, na mkojo ukikauka unaacha chokaa. Wanangu hawaamini kwamba jamaa yake wa karibu katika wanyama walio hai ni tembo, wakati yeye ana ukubwa wa sungura. Wapo pia wale mijusi ambao dume ana kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu. Jina lao la kisayansi ni Agama mwanzae, wamebeba jina la jiji letu, na kazi yao kutwa ni kula siafu, sisimizi na wadudu wengine. Mkulima wa mboga akiwa na mijusi hao asiwafukuze.

Pimbi ni habari nyingine. Anakula majani, na matembele kwake ni karamu. Baadhi ya majirani wanaweka mitego. Sisi tumeamua kuweka wavu wa waya kwenye matuta ya mboga, ulioinama kwa nje juu, na chini umefukiwa, na pembeni tutaacha matembele kidogo bila uzio. Walikuwepo kabla ya hati.

Mboga zitakaa nyuma ya jiwe, kwenye ule udongo mweusi. Pana kivuli kuanzia mchana, jua likishapita upande wa ziwa, na mchicha, mnafu na chainizi vinapenda hivyo kiangazi. Mgagani nitaupanda palipo wazi zaidi, unastahimili. Mama jirani ameahidi mbegu zake mwenyewe, na kwa sharti kwamba nikivuna mwingi nimletee tuuanike pamoja, maana nsansa ya mgagani ikihifadhiwa vizuri inavusha familia kiangazi kizima. Mume wangu alitaka hapo pia mparachichi. Nilimkatalia: mparachichi hautaki maji yatuame kwenye mizizi, na masika pale panaloa siku nyingi. Utakwenda ubavuni, kwenye mchanga, tukiulisha samadi.

Samadi ndiyo itakayokula fedha kuliko miche. Luseni haibadiliki kwa msimu mmoja. Tumeagiza samadi ya ng'ombe iliyokaa, si mbichi, maana mbichi inaunguza mizizi na inakuja na mbegu za magugu. Juu yake tutatandaza maganda ya mpunga, ambayo kwenye mashine za kukoboa watu wanayaona ni uchafu, wakati yakifunika udongo yanauzuia usikauke na mvua isiupige moja kwa moja. Wapo waliotushauri tukachote magugu maji ziwani tutengenezee mboji, bure kabisa. Sikuafiki. Magugu maji hufyonza vilivyomo majini, pamoja na metali nzito zinazotoka mijini na migodini, na mbegu zake hukaa hai kwenye tope kwa miaka mingi. Kwa mti wa kivuli sawa, kwa mchicha wa watoto hapana.

Maji ya ziwa nayo tunayakwepa. Kijana mmoja alitutafuta akitaka atuletee madumu kila jioni kwa bei nafuu. Kichocho ukanda huu si hadithi; vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa ukingoni na kupenya ngozi ya anayegusa maji. Maji yakikaa kwenye chombo siku mbili bila konokono, vijidudu hivyo hufa, kwa hiyo anayelazimika kumwagilia ya ziwa ayalaze kwanza. Aliyenihuzunisha ni kijana mwenyewe, anayeingia majini hadi kiunoni kila siku. Tulimwelekeza kituo cha afya akapime, na sasa anatusaidia kupanga mawe.

Mawe hayo ni madogo, yaliyotoka tulipochimba mtaro. Tunayapanga kuwa kingo tatu fupi za kukatiza mteremko mbele ya nyumba, bila saruji. Fundi wa kwanza alitaka ukuta wa saruji, nami nikakataa, kwa sababu ukuta usiopitisha maji kwenye mteremko unajaziwa uzito nyuma mpaka unainama. Kingo za mawe makavu zinapitisha maji na kushika udongo. Ndicho jiwe kubwa linachofanya, sisi tunakirudia kwa mikono.

Upande wa magharibi ndio uliotusumbua kichwa. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta; mwezi wa sita jua linapita kidogo kaskazini, mwezi wa kumi na mbili kidogo kusini, lakini mwaka mzima la jioni linatupiga usoni, sebuleni, likitokea ziwani. Tunahitaji kivuli. Lakini kutoka hukohuko ndiko unakotoka upepo wa mchana, na ndiko kuliko na ziwa tulilolinunulia nyumba. Ukipanda miashoki mstari mmoja kama kwenye nyumba nyingi mpya, umepata ukuta wa majani: jua halipiti, upepo haupiti, ziwa hulioni. Tumechagua mwarobaini mmoja tu, mita nane kutoka ukutani na mbali na shimo la choo, tutakaoupogoa matawi ya chini kila mwaka mpaka uwe na shina tupu na mwavuli juu. Jua la saa tisa litagonga mwavuli, upepo utapita chini yake. Kwa jua la saa kumi na moja, lililo chini zaidi, tutajenga kichanja cha miti mbele ya baraza na kutambaza pasheni, ambayo naweza kuikata nikitaka kuona.

Chini kabisa, jua kali na mchanga, tutaweka mananasi. Machipukizi tutayatoa Sengerema, yanakostawi kwenye udongo wa kichanga, na hayaombi maji kila siku. Mwembe dodo mmoja, kwenye kona ya mbali. Mlonge mmoja karibu na jikoni, ukatwe mara kwa mara usirefuke. Mchaichai pembezoni mwa njia. Ukoka kidogo tu mahali watoto wanapocheza. Uwanja mzima wa ukoka kiangazi ni kumwaga maji ambayo jirani anayasubiri bombani.

Ua wa manyara tunaubakiza. Ni ua wa Kisukuma, hauli maji, mbuzi hawaugusi, na wazee waliuzungushia miji yao na ngitili zao, yaani malisho yaliyotengwa, muda mrefu kabla ya seng'enge. Ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya, unaweza hata kupofusha kwa muda, ndiyo maana ya ile miwani ya mpima. Anayeupogoa kwetu atavaa miwani na nguo za mikono mirefu, na watoto wamekatazwa kuvunja matawi yake. Tumeurudisha nyuma kidogo kwenye njia ya kwenda getini.

Lililobaki ni pevingi. Mume wangu anazitaka uwanja mzima, kwa usafi, na nyoka asipate pa kujificha. Hoja ya nyoka naikubali. Karibu na milango hakutakuwa na rundo la mawe wala majani marefu. Lakini pevingi ukuta hadi ukuta kwenye mlima ni kumpelekea jirani wa chini mafuriko. Tumekubaliana njia ya kutoka getini hadi mlangoni ipate pevingi, kwingine changarawe. Yeye anasema tutaliangalia tena baada ya masika. Sawa, tutaliangalia, mvua ikiwa inanyesha, tukiwa tumesimama wote wawili na tochi.

Sasa ni Februari. Samadi inakuja Jumamosi, mashimo ya migomba yameshachimbwa na yanapigwa jua, na mche wa mwarobaini uko kivulini kwenye kopo lake ukisubiri Machi. Kingo mbili zimekamilika, ya tatu imefika nusu. Mama jirani amenitumia ujumbe kwamba mbegu za mgagani amezipepeta, niende kuzichukua jioni na nisisahau kuleta bakuli lake.